Kitambaa cha Kufunika Kompyuta

Baba Lornah,

Omena ziko kwenye sufuria, nimeshaziosha kwa maji moto. Zikaange na nyanya nyingi. Lornah asitoke bila sweta.

Asubuhi nimefungua kompyuta kuangalia kama ile zahanati ya Mbita imenipa kazi. Kumbe walinipa, na jana nikiwa kanisani mtu aliwajibu kwa jina langu: "Asante, lakini mambo ya nyumbani hayaniruhusu." Mambo ya nyumbani ni wewe.

Usiseme nilikupa paswadi. Programu ya barua pepe huihifadhi yenyewe humo ndani ya kompyuta. Na mimi miaka yote naifunga tu hiyo programu, nafunika kompyuta na kitambaa changu cha kufuma, najiona nimefunga mlango.

Leo nimeifuta hiyo paswadi humo, nikaweka nyingine. Usihangaike kujaribu jina la mama yako.

Nimewapigia, nafasi bado ipo. Naenda Luanda Kotieno kupanda feri ya Mbita, niwajibu kwa mdomo wangu. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi nikishasaini.

Kitambaa kiko kwenye kamba. Kikikauka, funikia omena. Kompyuta haikihitaji tena.

Mama Lornah