Mmoja Bado Yumo Pangoni

Karsti, 6 Mei 2019

Jernej mwanangu,

Hujambo huko Norway? Sisi tunaendelea. Baba yako mwili mzima, kichwa ndicho kinachomkimbia. Jana aliweka viatu kwenye jokofu, kisha akanituhumu mimi. Daktari anasema kabla ya theluji huenda asitujue.

Jumamosi tarehe 15 Juni kuna jioni ya pangoni: divai nyekundu ya mzee Grmek, wacheza dansi, na muziki chini kabisa kwenye ukumbi mkubwa. Baba yako ametembeza wageni humo miaka thelathini na minane, kwa hiyo wamemwalika kwa heshima. Njoo umpigie fidla angali anakujua. Nakuomba.

Mama yako

Trondheim, 20 Mei

Mama mpenzi,

Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanimaliza. Pole kwa ya baba.

Lakini siji. Miaka kumi na moja namwalika kwenye maonyesho yangu, hajakanyaga hata moja. Umesahau alivyoniambia? "Wewe kwaruza nyuzi zako, mimi nina pango langu." Akinitaka, aandike mwenyewe.

Mwanao, Jernej

Karsti, 21 Juni

Jernej,

Sikuulizi hali, maana nilikuona. Kofia ile ulidhani itakuficha machoni pa nani, pangu mimi niliyekuzaa? Ulipiga fidla taa zimezimwa, giza totoro, matone yakidondoka. Baba yako akanishika mkono: "Huyo wangu." Bilauri aliisahau, nusu ya divai ikaishia kwenye sketi yangu. Nililia kwa furaha nikijua sasa utakuja mezani kwetu.

Wenzako wa muziki walitoka nasi. Wewe ukatoroka peke yako kwa mlango wa chini! Nimekukasirikia, sikufichi.

Unajua desturi ya watembeza wageni, wanahesabu watu wakiingia, wanahesabu wakitoka. Baba yako alisimama langoni kama zamani. Waliingia tisini na wawili, wakatoka tisini na mmoja. Akakataa lango kufungwa. "Kuna mmoja ndani!" Tulimvuta watu watatu. Tangu hapo kila asubuhi anapanda kule, anaita gizani mpaka sauti inamkauka. Nimechoka, mwanangu. Njoo uingie kwa chini, utokee kwa juu, akuone.

Mama yako

Trondheim, 29 Juni

Mama,

Natumaini umepata usingizi kidogo. Siku ile nilimsikia akiita. Nilikuwa kwenye ngazi za chini, fidla mgongoni, nikadhani ananigombeza kama kawaida yake. Nikaongeza mwendo. Naona aibu hata kuandika haya.

Nakuja Alhamisi.

Mwanao, Jernej

Trondheim, 8 Julai

Mama mpenzi,

Nimefika salama. Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga, moyo ulikuwa umenivunjika. Wewe ulibaki garini, hukusikia tuliyosema.

Nilipotokea juu alikuwa amesimama palepale. Alinigusa bega. "Tisini na wawili!" Akacheka kwa raha, sijawahi kumwona akinichekea hivyo. "Umetutesa wewe bwana. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Baba, ni mimi. Jernej."

Alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mgeni aliyepotea. Kisha akafunga lango, akajaribu kufuli mara mbili.

"Sikia, kijana," akasema. "Baba yako atakuwa anahangaika kukutafuta. Kimbia kwake, umtoe wasiwasi."

Mwanao, Jernej