Earphone za Zuhura Zimegoma

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetoka sokoni Katonga saa mbili na beseni tatu za dagaa. Nimewaanika kwenye chanja, si chini kama wenzangu. Jua zuri. Chai nimekunywa nimesimama.

Zuhura ameanza majaribio ya kazi leo. Mwanangu wa pekee, na ana digrii. Nimeshaandika humu mara nyingi kuwa ana digrii na nitaandika tena, daftari ni langu. Mimi darasa la saba. Yeye digrii.

Ofisi ya watafiti huko Dodoma imempa rekodi nne. Wanawake wa vijijini wanaeleza walivyojifungua, wanaongea Kiha. Yeye asikilize, aandike kwa Kiswahili, atume. Mwisho Jumamosi saa sita mchana. Akifaulu wanamwajiri, anafanya kazi hapahapa Buzebazeba, kwenye meza yangu. Asipofaulu anahamia Dar kwa shangazi yake. Tumeshakubaliana hivyo, na nilikubali kwa mdomo tu.

Sharti moja: siri za wale wanawake zisisikiwe na mtu mwingine. Lazima avae earphone. Laptopu yake tundu la waya lilikufa akiwa chuo. Ndiyo nikamnunulia zile zisizo na waya. Nyeupe, zinalala kwenye kidude kama kijaluba. Jana nimemkabidhi, akanikumbatia.

Zimegoma. Laptopu inaziona, jina linatokea, akibonyeza kinazunguka kiduara halafu inakataa. Amezima, amewasha. Amezichaji upya. Mpaka alasiri hajaandika hata mstari.

Amesema labda ni feki. Imeniuma. Mimi sinunui feki.


Jumanne, 16 Septemba

Zimekubali! Nimerudi kutoka Katonga nikamkuta mezani, zimo masikioni, anaandika. Sikumsemesha. Nilisimama mlangoni kama mtu anayetazama televisheni. Vidole vinakimbia.

Saa saba akazirudisha kwenye kijaluba aswali, ale. Alipozitoa tena, basi. Kiduara kikarudi. Mpaka jioni hakuna kitu.

Kwa utani akasema, "Mama, ukitoka zinafanya kazi, ukirudi zinakufa. Zinakuogopa."

Nikamwambia hata vyombo vinajua nani mwenye nyumba. Tulicheka. Kucheka kwenyewe kulikuwa kwa nusu mdomo.

Rekodi ya kwanza imefika katikati.


Jumatano, 17 Septemba

Leo vilevile. Asubuhi zilikubali nikiwa sokoni, akamaliza rekodi ya kwanza. Nilivyorudi, alipozitoa tena kwenye kijaluba, zikafa.

Mama Rehema wa nyumba ya pili kaja kuazima ungo, kasikia habari yote. Kasema hilo ni jicho. Kitu kizuri kikionyeshwa ovyo kinapigwa jicho. Nikampa ungo. Ukweli nauandika hapa. Jumamosi iliyopita, kabla sijampa Zuhura, nilikwenda nazo Katonga. Nilizivaa juu ya mtandio, makusudi, zionekane. Nyota muuza dagaa na migebuka, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo, aliniungia na simu yangu nikawa nasikiliza kaswida huku nachagua dagaa. Akasema, "Mama Zuhura, weye sasa uko mukubwa, hata salamu huisikii tena." Wanawake wote wakageuka. Nilijisikia vizuri sana. Sitasema uongo kwenye daftari langu.

Basi nikaona ni macho ya wale. Alasiri, Zuhura akiwa bafuni, nimechukua chetezo, nikatia ubani, nikazifukiza. Nikasoma ninachokijua. Katoka na taulo kichwani akanikuta.

"Mama. Hiyo ni betri."

Nikamwambia ni jicho. Akauliza, "Jicho la nani? Nani kaziona zaidi yako na mimi?"

Hapo ningesema. Nikasema hakuna. Akauliza umezigusa kabla? Nikasema mimi niguse nini, nilizinunua zikiwa zimefungwa, nikakupa. Nimemwambia mwanangu uongo nimeshika chetezo.

Na simu yangu nayo imeanza ububu. Wateja wa Kasulu wananitumia ujumbe wa sauti, maana kuandika kwangu ni kwa polepole. Nabonyeza, naona sauti inatembea kwenye kioo, sisikii kitu. Nadhani mafuta ya samaki yameingia kwenye spika.


Alhamisi, 18 Septemba

Asubuhi Zuhura alipata saa chache, akaianza rekodi ya pili. Mchana nimempelekea fundi wa Gungu simu. Mtu mzima, ana miwani, anaitwa Fundi Hamisi. Kabonyeza ujumbe wa mteja. Simu ikapiga kelele mpaka bodaboda waliokaa nje wakageuka. Nzima kabisa.

Nikamwambia nyumbani inakuwa bubu. Kaivua miwani, kaipangusa. "Nyumbani kuna earphone za bluetooth, mama?"

Ziko. Za binti yangu, ana digrii.

"Uliwahi kuziunga na simu hii?"

Nikakaa kwenye benchi.

Kanieleza taratibu, na namshukuru hakucheka. Earphone zile zinakumbuka. Zikitolewa kwenye kijaluba zinamtafuta kwanza yule aliyeungana nazo mwanzo kabisa, na akiwa karibu zinakwenda kwake. Ukuta si kitu, zinapita. Simu yangu nikiwa nayo jikoni, imefungwa kwenye pindo la khanga, ndiyo inayozinyakua kabla laptopu haijajaribu. Nikienda Katonga naondoka na simu, zinabaki bila mwenyewe, zinakubali laptopu. Ujumbe wa wateja wangu nao ulikuwa unasemea ndani ya zile earphone, na Zuhura keshazivua kwa hasira, ziko mezani, hakuna anayesikia.

Kwa hiyo jicho ni langu. Simu yangu na majivuno yangu.

Aliniambia ingia sehemu fulani, bonyeza jina la earphone, iambie simu izisahau. Nikamwambia nitafanya nyumbani. Ukweli nilitaka kuondoka pale. Njia nzima kwenye bodaboda nilikuwa napanga namna ya kumwambia. Nilipofika mlangoni Zuhura kainamia meza, kichwa juu ya mikono. Nikapita. Nikaingia chumbani, nikazima simu, nikaiweka chini ya godoro.

Baada ya kitambo nikasikia anapiga makofi. "Zimekubali, mama. Nimefuta programu nikaiweka upya. Nilijua tu."

Nikamwambia hongera. Nikasema digrii si mchezo.

Nalala na siri hiyo kifuani.


Ijumaa, 19 Septemba

Nimefanya kosa la pili na hili ni kubwa kuliko la kwanza.

Asubuhi simu ilikuwa imezimwa, Zuhura akamaliza rekodi ya pili. Mimi nikatulia, nikaona mambo yamejiendea yenyewe, sina haja ya kujiaibisha. Kile alichosema fundi, simu isahau, sikukifanya. Sikujua ni wapi pa kubonyeza, na wa kumuuliza ni yuleyule ninayemficha. Saa sita, ile ya kuwasiliana na mteja wa Kasulu, ikafika, lazima nijue gari lake linakuja au haliji. Nikaiwasha. Nikasema dakika mbili tu. Halafu nikaja kuchambua mchele, nikasahau.

Zuhura akazivua, akaswali, akala, akazitoa tena. Kimya. Kazima laptopu. Kawasha. Kazitia kwenye kijaluba. Kazitoa. Namwona kupitia dirisha la jikoni. Safari hii hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Akafungua barua pepe. Nikamwuliza kwa mbali unaandika nini. Akasema anawaandikia watu wa Dodoma kwamba hawezi, wampe mwingine, bora aondoke kwa heshima kuliko kuchelewesha. Rekodi mbili zimebaki, muda chini ya siku moja. Sauti yake kavu kabisa. Akasema, "Nitampigia shangazi jioni."

Mchele nikaumwaga. Bahati mbaya, lakini niliuacha hapohapo.

Nilikwenda nikasimama mbele yake nikamwambia usitume. Nikamweleza. Katonga, mtandio, Nyota, kaswida. Fundi. Simu chini ya godoro. Nilisema yote, hata lile la kupenda kutazamwa. Nilikuwa natazama mkeka.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akauliza, "Unajua tangu jana, mama?" Nikasema tangu jana mchana. "Na jana ukanipongeza." Nikasema ndiyo.

Akanyoosha mkono. Nikafungua pindo la khanga nikampa simu. Kabla hajafanya chochote akavaa earphone moja, akabonyeza ujumbe wa mwisho kwenye simu yangu, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mteja wako wa Kasulu anasema dagaa wa wiki iliyopita walikuwa na mchanga."

Dagaa wangu. Mchanga. Leo haikuwa siku yangu ya kubisha.

Kisha akabonyeza mara tatu, akanirudishia. Imezisahau. Kiduara cha laptopu kikazunguka kidogo, kikatulia, zikakubali. Nikiwa palepale, simu mkononi, imewashwa.

Chakula cha jioni alikula mezani akiandika. Mimi jikoni. Hatujazungumza. Naandika haya nikisikia vidole vyake. Ana haki.


Jumamosi, 20 Septemba

Sikwenda Katonga. Mara ya kwanza mwaka huu bila kuumwa.

Alikuwa mezani tangu alfajiri. Nimemwekea chai, nikaondoka. Nimemwekea vitumbua, nikaondoka. Mama Rehema kaja na ungo wangu na hodi yake ndefu, nikamgeuza langoni. Kauliza lile jicho limepona? Nikamwambia lilikuwa langu. Hakuelewa, akaenda zake.

Saa nne rekodi ya nne ilikuwa haijaisha. Nikasikia ananiita. "Mama, njoo."

Nilikwenda haraka, nikajipangusa mikono njiani. Hakunipa earphone, sheria yake anaishika. Akanitamkia neno moja la Kiha, kama alivyolisikia kwa bibi mmoja anayehojiwa. Amelitafuta kila mahali hakulipata. Kiha anakijua cha kuokota mtaani; chuo hawakumfundisha, na mimi nyumbani nilimzoesha Kiswahili nikiona ndiyo maendeleo. Nikamwambia alitamke tena. Akalitamka, akiwa amefumba macho ili asilikosee.

Nikalijua. Marehemu mama yangu alilitumia. Ni yale maumivu yanayokuja siku nyingi kabla ya kujifungua, yakakudanganya, ukafunga mzigo wako wa hospitali ukaufungua. Kwa Kiswahili hatuna neno lake moja. Nikamweleza. Nikamwambia hata yeye alinifanyia hivyo, mara mbili, mara ya pili nilishafika mpaka kwa mkunga nikarudishwa kwa miguu.

Akafungua macho, akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza tangu jana.

"Mara mbili?"

"Ulikuwa hujaamua."

Alicheka kidogo puani. Akageukia laptopu akaandika. Baadaye akaniita tena kwa neno la pili, na la tatu. La tatu sikulijua, nikamwambia silijui. Zamani ningetunga. Akaandika kwamba halijaeleweka.

Saa sita kasoro akatuma. Akazivua, masikio mekundu. Akalala palepale kwenye mkeka na viatu. Nimemfunika khanga.


Jumatano, 24 Septemba

Wamejibu saa tatu asubuhi. Wamemchukua. Mwaka mmoja, kazi ya nyumbani, wataongeza rekodi. Wamesifia jinsi alivyoeleza maneno magumu badala ya kuyaruka.

Alinisomea mara mbili. Nikakaa kitandani. Nikashukuru Mungu. Nilikuwa nimeshashika ushungi nitoke, njia ya kwa Mama Rehema naijua hata nikifumba macho, akanishika mkono.

"Mama, mkataba sijasaini. Usimwambie mtu mpaka nisaini. Nataka watu wasikie kwangu."

Nikamwambia sawa.

Mchana nimekwenda Katonga. Dagaa wa leo wakubwa, wanang'aa. Nyota ananiuliza, "Habari za nyumbani, Mama Zuhura? Binti yuko anafanya nini?"

Mdomo ulikuwa umejaa habari. Nikamwambia nzuri tu, yupo.

Akanitazama kama mtu aliyeona ninaumwa. Akanipimia beseni, akaongeza kiganja juu bila mimi kuomba. Nikabeba, nikarudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nimewaanika mmoja mmoja, nikiwapangusa mchanga. Ndani Zuhura anaandika, mlango uko wazi.