Siku Velko Alipopanda Jukwaani

Mtaa wa Wafinyanzi 14,
Plovdiv.
2 Juni

Mpendwa wifi yangu Rumena,

Pokea salamu nyingi za upendo kutoka kwangu na kwa mama, katika nyumba hii ulimozaliwa. Hujambo huko Adelaide? Nyonga yako inaendeleaje tangu upasuaji? Umeshaiacha fimbo ya kutembelea, au bado unaificha watu wakija kukuona? Na Stamat, presha yake imeshuka, au bado anatia chumvi ukigeuka upande wa pili?

Sisi huku tu wazima. Mama miguu inamvimba joto likianza, lakini sauti yake haijapungua hata kidogo. Juzi alimkaripia muuza nyanya mpaka yule bwana akamwongezea mbili ili aondoke.

Nikuombe jambo moja kabla ya mengine. Acha kujilaumu kwamba hukufika kumzika kaka yako. Ulikuwa kitandani, umeshonwa, na hakuna daktari ambaye angekupandisha ndege. Mimi najua, mama anajua, na Velko mwenyewe angesema usilete ujinga. Kaburi ni safi. Nimepanda maua ya zambarau, yale yasiyohitaji maji mengi, na jiwe wamesema litakuwa tayari kabla ya baridi.

Siku ya arobaini tulifanya kama inavyotakiwa. Nilichemsha ngano, nikaichanganya na sukari na kokwa za jozi zilizosagwa, tukagawa makaburini kwa kila aliyepita. Nguo zake nazo niligawa. Koti lake la sherehe alichukua jirani wa ghorofa ya pili, viatu vya baridi alichukua mwashi mmoja wa kanisani. Koti la kazi tu ndilo lililobaki. Nilijisemea kwamba limejaa gundi, nani atalitaka. Ukweli ni kwamba sikutaka kulitoa.

Sasa nikueleze habari ya chuoni. Nitaanza tangu mwanzo, maana mama naye ana simulizi lake, na akikupigia simu atakueleza vingine kabisa.

Unajua jinsi Velko alivyofanya kazi miaka ishirini na sita katika karakana ya chuo cha maigizo. Alikuwa akisema yeye ni seremala wa milango isiyoingia popote. Basi msimu huu wa baridi kila jioni alirudi na hadithi moja. Kulikuwa na binti wa mwaka wa pili aliyekuja karakana kila siku kuomba misumari. Leo mitano, kesho minne, keshokutwa anauliza kama kuna mirefu zaidi. Anakaa juu ya kijisanduku mbele ya meza ya kazi, anaangalia, anaondoka.

"Tsonka," aliniambia, "yule mtoto ama anajenga nyumba, ama anaila misumari yangu."

"Si umnyime?"

"Nitamnyimaje? Anaomba vizuri."

Siku nne baada ya arobaini kengele ya mlango ililia. Alikuwa msichana mwembamba, nywele amezisuka mkia mmoja unaofika kiunoni, amebeba mfuko mzito kwa mikono miwili. Akauweka juu ya meza yangu ya jikoni, ukagonga kama jiwe.

"Shangazi, mimi naitwa Zornitsa. Nimekuja kurudisha misumari ya mjomba Velko."

Ilikuwa yote, Rumena. Hakuwa ametumia hata mmoja.

Nikamkalisha, nikamwekea kahawa, akanieleza. Mwaka wa pili wana somo la kumwangalia mtu. Kila mwanafunzi anachagua mtu wa kweli, si mwigizaji wala mtu maarufu, na anamfuata kwa miezi bila yule mtu kujua. Anajifunza anavyotembea, anavyoshika kikombe, anavyonyamaza. Mwisho wa mwaka anapanda jukwaani na kuwa mtu huyo kwa dakika saba. Asiyeweza haingii mwaka wa tatu. Zornitsa alikuwa amemchagua Velko tangu Oktoba. Misumari ilikuwa kisingizio.

Velko alipofariki, Profesa Topcheva alimwambia achague mtu mwingine, au alete ruhusa ya familia ya marehemu. Kwa mwezi mmoja uliobaki hangeweza kumjua mtu mwingine. Kwa hiyo alikuwa amekaa pale, anazungusha kikombe, anangoja nimjibu.

Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu kutoka chumba cha pili, maana mlango ulikuwa wazi.

"Mwanangu si kikaragosi! Hata udongo haujatulia, mnataka watu wamcheke?"

"Si kumcheka, bibi," binti akasema.

"Sasa kumfanya nini?"

"Kumwonyesha."

"Tulishamwona!"

Nami nilikuwa upande wa mama. Nikamwambia kwa upole kwamba haiwezekani. Sikumwambia sababu yangu, lakini wewe nitakuambia. Niliogopa kwamba nikishamwona binti huyu akijifanya Velko, kila nikifumba macho nitamwona yeye, na mume wangu atanipotea mara ya pili.

Zornitsa hakubishana. Alisimama, akashukuru kwa kahawa. Alivyokuwa anavaa koti, nikaona aibu kumwacha aende hivyo hivyo, nikamuuliza kwa ajili ya adabu tu: miezi yote hiyo ulijifunza nini?

Akachukua mti wangu wa kusukumia unga, akaushika kama randa, akainama juu ya meza. Bega moja likashuka. Jicho likafumba nusu. Akapuliza maranda ambayo hayakuwepo. Wifi! Alikuwa yeye. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa, kama unapoingia nyumbani kwako ukakuta mtu amehamisha kabati. Nikaangalia, nikaangalia, kisha nikaona.

"Mwanangu," nikamwambia, "mkono siyo huo."

"Mkono gani?"

"Velko alikuwa mtu wa mkono wa kushoto."

Akauangalia mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akaelewa. Alikuwa akikaa mbele yake siku zote, uso kwa uso, akimwiga kama mtu anavyojiangalia kwenye kioo. Akakaa chini na kujifunika uso.

"Miezi saba! Miezi saba nimemgeuza mtu wa kulia! Na daftari nimejaza mbili!"

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Machi.

"We mjane!" mama akapaza sauti. "Unacheka nini huko?"

"Amemkosea mkono, mama!"

Kisha mama akasema, kwa ukali lakini si kwa ukali ule wa kwanza, "Basi mwambie."

Sikumpa ruhusa siku ile. Nilimwambia tu kwamba mradi anajifunza, ajifunze sawasawa. Nisingevumilia mtu yeyote, hata mmoja, ambebe Velko kichwani akiwa amegeuzwa hivyo.

Akawa anakuja kila siku baada ya masomo. Nilimpa viazi amenye kwa mkono wa kushoto ili mkono uzoee, na alijikata mara mbili, na viazi vilitoka vidogo kama karanga. Nami nilikuwa nakumbuka. Kwamba penseli hakuiweka sikioni kama maseremala wengine, aliishika kwa meno. Kwamba akipima ubao midomo yake ilihesabu bila sauti, na akifika mwisho alitikisa kichwa kana kwamba ubao umemdanganya. Kwamba kabla ya kuanza kazi alipitisha mgongo wa vidole juu ya ubao, vile unavyomgusa mtoto kujua kama ana homa. Sikujua kwamba nayajua mambo mengi hivyo. Watu walikuja kunipa pole, wakaniuliza alikufaje, wakaniuliza kuhusu pensheni. Hakuna aliyewahi kuniuliza alishikaje penseli.

Mama hakutoka chumbani kwake wiki mbili nzima binti akiwepo. Lakini alikuwa anasikiliza. Siku moja Zornitsa alikohoa kama Velko, na ukutani tukasikia kugongwa kwa kijiko.

"Hicho kikohozi cha baba yake! Cha Velko ni kifupi!"

Zornitsa akakohoa kifupi.

"Kifupi zaidi! Alikuwa anaona haya kukohoa mbele za watu."

Siku iliyofuata nilitoa koti la kazi kabatini na kumvalisha binti mwenyewe, na kofia yake. Nilimwambia tu asiisafishe mifuko. Nikamwandikia profesa mistari mitatu na kutia sahihi.

Mama nilimuuliza kama atakuja siku ya mtihani. Akasema fanyeni mnavyotaka, yeye hana muda wa kuangalia wachekeshaji. Asubuhi ya tarehe ishirini na saba Mei nilimkuta ameketi karibu na mlango, kitambaa cheusi kichwani, mkoba magotini, viatu vya Pasaka miguuni.

"Naenda kuona kama wanamcheka," akasema. "Wakimcheka nitasimama."

Ukumbi ule mdogo ulijaa. Wanafunzi wote walikuja, na mafundi wa taa, na mama wa kantini. Kwanza alipanda kijana aliyekuwa kondakta wa basi, kisha msichana aliyekuwa muuza tiketi za bahati nasibu, watu wakacheka sana, na mama akanikamata mkono kila walipocheka. Kisha taa zikazimwa na kuwashwa tena, na kulikuwa na meza ya seremala, na Velko akiingia huku akiburuta kisigino cha kulia.

Sitakueleza yote, maana hayaandikiki. Alifanya kazi yake. Alipitisha mgongo wa vidole juu ya ubao, na fundi wa taa nyuma yangu akavuta pumzi. Kisha akainua uso, kana kwamba mtu ameingia. Akamwangalia mtu huyo ambaye hatumwoni. Akafungua kopo, akahesabu misumari mitano kwa mkono wa kushoto, akafikiri, akaongeza wa sita. Ukumbi wote ulicheka, maana walijua ni nani aliyekuwa akiomba na kupewa. Alikuwa ameigiza jinsi Velko alivyomwangalia yeye. Na uso ule, Rumena, ulikuwa wa mtu aliyejua kabisa kwamba hakuna nyumba inayojengwa. Nilikaa miezi ile yote nikidhani hajui.

Nilimgeukia mama nimzuie asisimame. Hakuwa anasimama. Alikuwa ameinama mbele, amekunja uso, na kabla sijamgusa akasema kwa sauti ile ile ya nyumbani, ikasikika mpaka mlangoni:

"Velko! Kofia! Uko ndani!"

Mimi nilitamani nizame chini ya kiti. Zornitsa aligeuka polepole. Hakutafuta sauti imetoka wapi. Aligeuka kama mtu aliyesikia maneno hayo maisha yake yote. Akavua kofia kwa mkono wa kushoto. Mkia wa nywele ukaanguka mgongoni mpaka kiunoni, na hakuna aliyecheka.

"Haya, mama," akasema.

Akaiweka kofia kando, akarudi kwenye randa, akamaliza dakika zake.

Mama hakulia. Aliegemea nyuma na kurekebisha kitambaa chake, kama mtu aliyetimiza kazi aliyoijia. Mimi nililia kwa niaba ya wote wawili, na wewe wa tatu. Ile hofu niliyokuambia sikuiona tena. Usiku ule nilifumba macho na akaja yeye mwenyewe, mnene, hajanyoa.

Alama zilibandikwa kesho yake mchana, na Zornitsa alikuja mbio nyumbani kutuambia amefaulu, anaingia mwaka wa tatu. Amepata tano kati ya sita. Nikamkumbatia. Mama akauliza kwa nini si sita. Binti akacheka, akaeleza kwamba profesa alisema kazi ilikuwa ya sita, lakini kuna sheria: aliye jukwaani hamjibu mtu aliyekaa ukumbini, hata iweje. Kwa kumjibu alipoteza alama moja.

Wifi yangu, ungemwona mama. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Amewaambia majirani wote wa ngazi yetu, padri, na yule muuza nyanya. Jumatatu anataka nimpeleke chuoni kudai ile alama moja, na ameshapiga pasi gauni. Nimemweleza mara kumi kwamba alama ni ya msichana, na kwamba binti mwenyewe ameridhika. Hasikii. Ameniagiza nikuandikie wewe uamue, kwa kuwa ulisoma kuliko sisi, na maneno yake nayaweka hapa kama alivyoyatamka:

"Muulize Rumena. Mama yake anamsemesha mbele ya watu. Alitakiwa anyamaze?"

Tuandikie unaonaje. Msalimie sana Stamat, umwambie chumvi naiona kutoka huku. Wabusu Iskra na Boyan na wale mapacha ambao hatujawashika bado. Jirani Penka anakusalimu, na Zornitsa pia, ingawa hakujui. Anasema ana swali kuhusu kaka yako alipokuwa mdogo, na nimemwambia wewe ndiye wa kuulizwa.

Mungu akuponye mfupa na moyo, na akulinde mpaka tutakapokaa meza moja.

Mimi wifi yako, nikupendaye na nisiyechoka kukukumbuka,

Tsonka