Mafuta ya Naserian Kisimani

Jumatatu, 3 Februari
Nimekama, nimepeleka ng'ombe kisimani. Injini ya kuvuta maji imewashwa na mafuta ya msichana wangu Naserian. Anayakamua kutoka kwa ule ukijani unaoota juu ya maji, anaukuza kwa matangi huko Kitengela. Amechanganya na dizeli, akaongeza kachupa ka dawa ya injini. Imenguruma vizuri. Shemeji Lemayian, mwenyekiti wa kisima, ametema mate chini. "Mafuta ya vyura." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 5 Februari
Injini imekufa asubuhi. Imekohoa, ikanyamaza. Ng'ombe wa watu wote wamelala na kiu. Kelele yao inaniumiza kichwa. Lemayian ametunyang'anya zamu yetu ya maji mbele ya watu. Tutanywesha mwisho kabisa, baada ya kila boma. Hata baada ya wageni! Tangu nilipoolewa Kajiado sijaona boma likifanyiwa hivyo. Namchukia. Naogopa pia. Wanasema wataenda kumwaga matangi ya mtoto.

Alhamisi, 6 Februari
Naserian amekuja. Nilimwambia asikuje, akakuja. Amefungua filta mbele yao, imejaa tope nyeusi. Anasema tangi ya injini ilikuwa na uchafu wa dizeli wa miaka mingi, mafuta yake yameung'oa, umeziba filta.
Lemayian: "Kwa hivyo sisi ndio wachafu?"
"Baba mdogo, nilifaa kuwaambia muoshe tangi kwanza. Nilisahau."
Alisahau! Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia. Hakuna aliyemshika mkono kumsalimia. Chai nimemwekea sukari nyingi. Hakumaliza.

Ijumaa, 7 Februari
Tumeosha tangi, mimi na yeye tu. Wanaume wamesimama wakituangalia, fimbo kwa mabega. Mikono yangu inanuka mpaka sasa. Filta mpya. Imewaka mara moja, mafuta ni yale yale. Hakuna aliyesema asante. Ndama wetu wa mwisho kuzaliwa amekufa kwa kiu kabla zamu yetu ifike.

Jumapili, 9 Februari
Naserian amerudi Kitengela. Ameacha mitungi miwili ya mafuta, mimi ndiye nilimwambia aache. Bila hayo, ng'ombe wao wangekufa pia.
Injini imefanya kazi kutwa. Ng'ombe wa Lemayian wamekunywa kwanza. Zamu yetu haijarudishwa.
Jioni birika ya kunyweshea ng'ombe ilibaki na maji kidogo, ya matope. Nilisimama hapo mpaka ng'ombe wetu wakamaliza kuyanywa.