Debe Langu Lilibaki Mlangoni

Hasamba, Mbozi,
16 Septemba 1953.

Mpendwa kaka Anania,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Kitwe? Kile kifua kilichokusumbua mgodini kimepoa? Sisi tu wazima, mimi na Ruti wangu. Mama anakula vizuri, ila miguu bado inamsumbua.

Kaka, nina hasira, na nyingi ni za kujikasirikia mwenyewe.

Mwezi uliopita Bwana Shamba aliitisha mashindano ya kahawa. Alisema wazi kwamba kila mwenye mibuni, mwanamume kwa mwanamke, alete debe moja, na mshindi atapewa mashine ya kumenyea. Unajua tangu nifiwe na mume wangu tunamenya kwa jiwe, mimi na Ruti, mpaka vidole vinachubuka. Nilichambua debe langu siku tatu, punje moja moja. Nikalibeba hadi mlangoni pa ghala, nikalitua.

Wanaume wanne walijitokeza. Wanawake tulikuwa tele, na ndio tunaochuma, tunaoosha na kuanika, lakini hakuna aliyeinuka. Jirani yangu Marita akaninong'oneza, "We Enesi, ushindane na wanaume? Watasema huna adabu." Nikajisingizia kwamba kwa mila yetu siwezi kupita mbele ya baba mkwe. Debe likabaki pale mlangoni mpaka watu walipotawanyika, nikalibeba kurudi nalo nyumbani. Baadaye nikakumbuka mzee hata hakufika, alikuwa Isongole!

Akashinda shemeji Boazi, yule yule ambaye mwaka jana kahawa yake ilinuka moshi. Yeye hakujiuliza mara mbili. Sasa ananiambia niende kumenyea kwake, ila nianze na ya kwake.

Juzi tena mwalimu kauliza nani atajaribu mtihani wa shule ya bweni. Wavulana wote wakanyoosha mikono, hata Timotheo wa Boazi anayenakili hesabu za Ruti. Ruti, wa kwanza darasani, akatulia tuli. Nilimfokea sana. Akanitazama, akasema, "Mama, mbona na wewe debe lako ulirudi nalo?"

Majina yanafungwa Ijumaa. Nimemwambia kesho nitamsindikiza kwa mwalimu, lakini mkono ataunyoosha mwenyewe. Amesema atafikiri. Atafikiri, kaka! Kumbe nimemfunza vizuri mno.

Msalimu wifi Aida na watoto. Mama anakuombea. Mungu anayekushusha chini ya ardhi kila asubuhi akupandishe salama kila jioni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Enesi