Betri Kwenye Kichanja cha Dagaa

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Hapa Saadani hatujambo, na mama yako sasa anatembea bila mkongojo.

Umeniuliza kwa nini nazima kisanduku cha intaneti tukishaongea, ilhali umeme wa jua ni wa bure. Bure gani, mwanangu?

Nilipokuwa kigori, betri za redio zilipochoka baba alizianika kichanjani pamoja na dagaa. Alasiri moja akazirudisha redioni, tukamsikia mtangazaji akitusomea salamu za kaka yangu wa Mwanza, tuliyedhani amekwisha kufa. Mama alikaa chini palepale. Salamu zilipokwisha baba aliizima redio, akatoka nje kulitazama jua.

Jana nilipokwisha kuuona uso wako kwenye simu, nami nilikizima kisanduku, nikatoka kulitazama jua.

Bibi yako