Baba Faith, Utafiti Ule Umemfikia Shadrack

Mpendwa Baba Faith,

Nakuandikia hapa saluni. Mteja wa mwisho ametoka, ndugu yako Shadrack amesinzia kwenye kiti cha kungojea, na mambo niliyo nayo sijui nimwambie nani mwingine.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuwa nafulia watu nguo Ayany, kule Kibera, ukaja kufunga geti jipya kwenye ile ploti. Ukaniambia, "Madam, hili geti nikilifunga vibaya, si utaniita tena?" Ukalifunga vizuri, na bado ukarudi. Tulipohama Kibera tukaja Kawangware, ukapata nafasi ya kuchomelea vyuma kule stendi ya 46, nami nikafungua saluni hapa stendi ya 56. Jioni ulinipitia ukinuka moshi wa welding, wateja wangu wakikutania, nawe ukijibu kila mmoja.

Halafu macho yako yakawa ya manjano. Ulisema ni vidonda vya tumbo. Kufikia siku yule daktari mpasuaji alipokuwekea mkono tumboni, saratani ilikuwa imeshakaa kwenye ini. Alisema angetoa sehemu yenye uvimbe, kisha akakuuliza kama angeweza kukuweka kwenye utafiti wake.

"Niweke, daktari. Lakini jina langu liandikwe kubwa."

"Majina hatuandiki, baba."

Ulicheka hadi ukashika mbavu.

Upasuaji wenyewe ulienda vizuri. Ini lililobaki ndilo lililokataa kazi. Nilikaa kando ya kitanda nikikupaka mafuta miguuni, nawe ukizidi kuwa wa manjano, hadi ukaniacha.

Baada ya mazishi daktari aliniita. Hakunificha kitu. "Mama Faith, niliamini ini lililobaki lingembeba. Yeye na wagonjwa wengine kama yeye wametufundisha kulipima vizuri kabla ya kushika kisu." Aliyaandika hayo yote. Siku hizi madaktari wa nchi za mbali wanautaja utafiti wake kwenye kazi zao, wanafunzi wanausoma, naye anaalikwa kwenda kuueleza. Aliniambia wagonjwa wenye ini kama lako hawapasuliwi tena, na wengi wameepuka kufa vile ulivyokufa wewe. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa zawadi. Wateja niliwaambia mume wangu yuko ndani ya masomo ya madaktari. Mama yako nilimpigia simu nikamweleza, nikimfariji.

Sasa ni Shadrack. Macho ni yale yale, tumbo ni lile lile. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wetu, na njiani nilikuwa namwambia asiogope, huyu mama daktari anajua kazi yake. Daktari alimpima, akarudia kumpima. Alipokuja kutuambia, alivuta kiti akaketi kwanza.

"Siwezi kumpasua. Ini lake limeharibika kama la kaka yake, na uvimbe umekuwa mkubwa mno hata kwa njia zingine za matibabu. Tutamtuliza maumivu. Sitamwacha."

Shadrack alinigeukia. "Kwa hivyo, shem, ni bro amenikatalia kisu?"

Daktari aliangalia chini. Nilitaka kumshika mkono nimwambie ajaribu tu, hata kidogo, lakini nilikuona wewe kwenye kile kitanda. Nikanyamaza. Tangu siku hiyo nikimpa uji na kuona unavyomshinda, najiuliza kama nilinyamaza kwa sababu najua, au kwa sababu nimechoka. Hata wa kumkasirikia sina. Daktari hajakosea, nawe hukukosea.

Leo mchana mama yako amepiga simu kutoka nyumbani. Shadrack amenikataza kumwambia alichosema daktari.

"Anatibiwa na daktari gani?"

"Yule yule, mama."

"Yule ambaye wazungu wanasoma kazi yake?"

"Ndiye."

Nilimsikia akipumua. "Asante Yesu. Huyo basi amesoma vya kutosha. Mmoja nilimzika, lakini huyu atarudi kwangu akitembea. Ngoja nikawaambie watu wa kanisa."

Nikabaki na simu sikioni, Baba Faith, nikisikia anavyoimba akielekea nje.

Pumzika. Mimi acha nimwamshe ndugu yako, imefika saa ya dawa.

Ni mimi mkeo,
Mama Faith